Niliharibu maji ya njaa, Aika akaitwa mwongo

Nianze na baya lenyewe, msije mkanihurumia kabla ya wakati. Nilimharibia mtoto wa watu maisha yake, nikiwa na akili zangu timamu, na wakati namharibia nilikuwa naona raha.

Nilikuwa fundi wa maabara moja hapa Moshi. Miaka tisa nimeosha vioo, nimefundisha watoto wa chuo kushika hadubini bila kuvunja lenzi. Digrii ya pili sina. Wanakuja hawajui kitu, nawafundisha, wanaondoka wanaitwa madaktari, mimi nabaki na koti langu jeupe.

Akaja Aika. Siyo jina lake. Msichana wa Old Moshi, baba alishafariki, mama analima kahawa na ndizi. Mjini hakuwa na pa kukaa, nikampa chumba kwangu, mtaa wa Soweto. Akawa ananiita dada. Asubuhi tunatoka wote, jioni tunapika wote.

Kazi yake ilikuwa hamira. Alizitoa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ya jirani yao, akazipandikizia protini inayong'aa kijani ukiipiga mwanga wa buluu. Hamira ukiinyima chakula inaanza kujila yenyewe. Inakusanya vitu vyake vya ndani, inavimeng'enya, inasogeza siku. Kwenye hadubini unaona vidoti vya kijani vinajitokeza, ndipo unajua imeanza. Aika aligundua kwamba hamira za mbege zinaanza kujila mapema sana kuliko zile tulizozoea. Alipiga picha, na picha zilikuwa nzuri kweli.

Profesa wetu, mtu wa Mwanza, akatangaza mbele ya wote, "Huyu ndiye nitakayempeleka nje kusoma." Mwaka uleule mimi alikuwa ameniambia nisubiri. Jamani, roho iliniuma hata chakula kikawa hakipiti.

Basi Profesa akataka jaribio lirudiwe yeye mwenyewe akiwepo. Hiyo ni kawaida. Kuna maji tunayozitia hamira ili zishinde na njaa, hayana naitrojeni hata chembe, na sisi tulikuwa tunayaita maji ya njaa. Aika akayatengeneza jioni, akayaacha kwenye friji. Asubuhi nikawahi mimi. Nikatia kijiko cha salfeti ya amonia, yenye naitrojeni tele, mbolea ileile wanayomwaga kwenye mpunga kule Chekereni. Nikatikisa, ikayeyuka, na kwa macho huwezi kujua kitu.

Sasa hamira iliyoshiba ijile kwa sababu gani? Profesa akainamia hadubini, akaangalia weee. Seli zote rangi moja, kidoti hakuna.

"Labda nimekosea kupima," Aika akasema.

"Rudia," Profesa akajibu.

Alirudia mara tatu, na mara tatu nikatia. Mara ya mwisho aliyatengeneza mbele yangu, akaniomba nimshikie chupa akanawe mikono. Alikuwa ameanza kuogopa kila mtu mle ndani isipokuwa mimi.

Profesa akaniita pembeni. "Wewe unaishi naye. Zile picha za mwanzo zilitoka wapi?"

Nikavuta pumzi, nikaangalia chini. "Sipendi kumsema mtoto wa watu, Profesa. Ila kompyuta anaijua sana."

Sikusema zaidi. Akafukuzwa siku hiyohiyo kwa kosa la kupika picha.

Jioni alilia kwenye kochi langu mpaka sauti ikakauka. Nikamchemshia chai. "Dada, nilikosea wapi?" Nikampapasa mgongo nikamwambia asijilaumu sana, kila mtu hukosea. Moyoni nacheka. Sitawadanganya, nilikuwa nacheka.

Wiki iliyofuata mama yake akashuka mjini. Nguo za kanisani, mkononi isale. Kwa msio Wachagga, isale ni jani. Mtu akikuletea amekubali kosa na anaomba msamaha, na ukishaletewa hukatai. Hata waliouana wanapatanishwa nalo. Yule mama aliamini mwanawe kadanganya, kaja kumwombea msamaha kwa dhambi ambayo mtoto hakuitenda.

"Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akanijibu, akanishukuru kwa kumtunza binti yake.

Nikamwingiza ofisini kwa Profesa, akaliweka isale mezani kwa mikono miwili. "Baba, mwanangu kakosa. Msamehe." Baada ya isale hakuna la kuongeza.

Profesa akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza jani lile ni la nini. Nami ni Mchagga wa kuzaliwa, isale nimeliona tangu sijaota meno. Nikamwambia, "Ni pambo tu, Profesa. Wazee wa huku hawaendi kwa mtu mikono mitupu."

Yule bwana anaheshimu mila. Angejua, angeketi, angesikiliza, labda angerudia kazi ile kwa mikono yake mwenyewe. Kwa kuwa hakujua, alilichukua akamrudishia mwenyewe. "Asante mama, lakini uamuzi umeshatoka."

Mama alilipokea. Alitoka bila kuaga. Aika naye akaondoa vitu vyake kwangu, akarudi kwao.

Nilipobaki peke yangu maabara nikatengeneza maji ya njaa safi, nikazitia hamira zake. Vidoti vikatoka vyote, kijani, mapema kama alivyosema. Nikazima taa nikavimwaga. Ningemwonyesha nani? Kusema anasema kweli ni kusema mimi ndiye mchawi. Bila matokeo yale mradi ukafa, Profesa akahama, maabara ikafungwa, nami nikaambiwa nikae nyumbani. Huko nje hakwenda mtu.

Aika sasa anabeba mizigo ya watalii mlimani. Mwezi uliopita alinipigia.

"Dada, mama tumemzika Alhamisi."

Nikampa pole.

"Siku ya mwisho aliniambia, 'Nimekusamehe mwanangu, ila usidanganye watu tena.' Nilichoka kubishana naye, dada. Nikamwambia nisamehe mama, sitarudia. Akatulia. Hivi nilifanya vizuri kukubali?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa.

"Ulifanya vizuri," nikamjibu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu umemchafulia jina, usiseme utamwambia siku ukipata nguvu. Nenda leo, tena anza na mzazi wake. Aika naweza kumwambia hata mwakani, atanitukana, atanipiga, ni haki yake. Mama yake kazikwa akijua amezaa mwongo.