Siku Tuliyompeleka Cucu Fort Jesus

Sisi tuliokulia Molo, tukichuma pareto kabla ya kwenda shule, bahari tuliijua kwa kalenda tu. Ilitundikwa sebuleni juu ya redio, na picha ya mwezi wa Agosti ilikuwa maji ya buluu na mnazi mmoja. Ukiitazama asubuhi, ukungu umejaa nje hata zizi la kondoo huoni, ulidhani ni nchi ya watu wengine kabisa. Hakukuwa na simu ya kukuonyesha dunia ukiwa umejilaza kitandani kama vijana wetu wa leo. Ukitaka kuona kitu ulikifuata kilipo, na kukifuata kulihitaji baba akubali.

Baba alikuwa mtu wa kukataa kwanza. Kwa hivyo mimi na ndugu yangu mdogo, Njoroge, tulishangaa aliposema tukila githeri kwamba shule zikifungwa tutaenda Mombasa, familia nzima, tukae siku chache kwa shangazi yetu aliyeolewa huko. Tuliringa shuleni mpaka mwalimu wangu akaniambia nimletee maji ya bahari kwenye chupa, aonje kama kweli yana chumvi.

Mama alituvalisha masweta ya shule siku ya safari. Tulipolalamika alisema, "Sweta halina uzito." Tulipofika Voi, kwenye joto, yalikuwa na uzito wa gunia, na Njoroge alikuwa ameanza kunuka kama kondoo aliyenyeshewa.

Ni ndani ya basi lile, Cucu akiwa amesinzia, mama alipotuambia kwa sauti ya chini kwamba safari haikuwa yetu. Ilikuwa ya Cucu, mama yake baba. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyependa kuomba kitu, lakini alikuwa amemwomba baba ampeleke Fort Jesus. Siku za hali ya hatari, kabla ya uhuru, ngome ile ilikuwa jela, na Guka, mume wake, alifungwa mle. Wanaume wengine wa kijiji walifungiwa karibu, na wake zao waliwapelekea chakula kwa miguu. Guka alipelekwa mbali. Cucu alikaa nyumbani na mtoto mgongoni, na mtoto huyo ndiye baba. Guka alirudi akiwa mgonjwa, akaishi miezi michache tu.

"Kwa hivyo huko msicheze sana," mama akamalizia.

Kesho yake Cucu aliamka kabla ya shangazi. Kiondo alichokuwa amekibeba kutoka Molo, ambacho hakukubali mtu amshikie, kilikuwa na viazi vya shamba lake. Alivichemsha na mahindi na majani ya malenge, akaponda mukimo jikoni mwa watu, jasho likimtiririka.

"Mama, si tutanunua chakula mjini?" shangazi akamwambia.

"Hiki si cha njiani," Cucu akajibu, akakifunga kwa kitambaa.

Ngome yenyewe ilitutisha. Kuta zilikuwa nene kuliko nyumba yetu nzima, za rangi ya samli iliyoungua, na ndani ya vile vichochoro kulikuwa na ubaridi mtamu uliotukumbusha nyumbani. Njoroge alisahau maneno ya mama, akapanda mzinga kama anapanda punda. Tulitembezwa na mzee mmoja mwenye miwani mizito, aliyezungumza Kiswahili laini mno hata tukawa tunabanana mbavu tusicheke. Sisi kwetu Kiswahili kilikuwa cha sokoni na cha kufukuza mbwa. Alitueleza habari za Wareno, za Waarabu, za nani alimfukuza nani, na Cucu akasikiliza yote kwa heshima.

Kisha akamuuliza mzee, "Baba, hao nimesikia. Na watu wa jela, hao walikuwa wanalala wapi?"

Yule mzee alivua miwani yake. "Bibi, ulikuwa na mtu wako humu?"

"Mume wangu."

Alitupeleka mpaka uwanja mtupu, nyasi fupi na mawe. Akasema vyumba vya wafungwa vilibomolewa ngome ilipogeuzwa makumbusho. "Havipo tena, bibi. Lakini ukuta ule wa nyuma ni ule ule."

Cucu alivua viatu. Alienda mpaka kwenye ukuta, akauwekea kiganja kama unavyomgusa mtu uone kama ana homa. Halafu akaketi chini, akafungua kiondo, akapakua sahani ya kwanza. Akaiweka karibu na ukuta. Kisha ndipo akatupakulia sisi.

Niseme ukweli, niliona haya. Kulikuwa na wageni waliovaa kofia za jua wakitutazama, na mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, umri wa kuaibishwa na kila kitu. Niliomba moyoni afanye haraka. Badala yake akaja askari wa mlangoni, kijana wa sare iliyopigwa pasi.

"Mama, hapa haturuhusu watu kula."

Cucu hakumwangalia. Baba ndiye aliyesimama. Nilimjua baba kama mtu mwenye maneno, aliyeweza kubishana na dalali wa viazi mpaka dalali akaomba maji. Siku hiyo yalimkwama.

"Ni cha baba yangu," alisema mwishowe. "Kimechelewa kidogo."

Mzee wa miwani alimnong'oneza askari. Askari akaitazama ile sahani iliyokuwa peke yake, akatugeuzia mgongo na kusimama pale kwenye njia, akiwaelekeza wageni wapitie upande mwingine.

Tukala. Baba alikula akiutazama ukuta, polepole, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kufikiria kwamba na yeye alikuwa mtoto wa mtu.

Tulipomaliza, Cucu alichukua ile sahani ya kwanza akampelekea askari. "Kula, mtoto wangu," alimwambia. "Mwenyewe ameshiba." Kijana alikula amesimama, akamaliza yote.

Halafu tukampandisha Cucu juu ya boma, mama akimshika mkono huu na mimi ule. Bahari ilikuwa hapo chini, kubwa, inang'aa hata macho yakauma. Cucu aliitazama sana. "Aliniambia alikuwa anaisikia tu," akasema. Njiani kurudi kwa shangazi alitutania sisi kwa masweta yetu, akacheka, na jioni akaimba akiosha vyombo. Sikuwahi kumsikia akiimba.

Siku hizi naishi Kiamunyi, na watoto wangu ni wa Kiswahili cha mitaani, "niaje" na "mathe, bando imeisha," wakitaka pesa za intaneti ya simu. Mwaka jana binti yangu alienda Mombasa na marafiki zake kwa treni, asubuhi wako Nairobi, mchana washafika. Walizunguka Fort Jesus kwa muda wa kuchemsha chai, wakarudi na picha mia mbili, zote za nyuso zao, ukuta ukionekana nyuma ya sikio la mtu. Simlaumu. Nilimsimulia habari za Cucu, akaweka simu chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Na nyinyi hamkupiga picha hata moja?" akauliza.

Hatukupiga. Nani alikuwa na kamera? Cucu alizikwa Molo, baba akamfuata, mama akamfuata baba. Tumebaki mimi na Njoroge, na kila tukikutana Krismasi tunabishana. Yeye anasema siku ile Cucu alivaa rinda la kijani. Mimi naliona la buluu, lenye vifungo vyeupe mpaka shingoni. Tunabishana mpaka chai inapoa, kisha tunaacha, kwa sababu hakuna tena wa kumuuliza.