Homa Iliyoomba Jina

Nilipokuwa mtoto kijijini kwetu Wamaza, niliona mtu mzima akinyang'anywa jina lake. Alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, na jina lenyewe lilikuwa Kalonda.

Katika ukoo wetu, mwanamke mjamzito akishikwa na homa isiyokwisha, ilisemekana kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi duniani. Dawa haikutafutwa kwanza. Wazee walikaa kando ya kitanda wakataja wafu wao mmoja mmoja, na mgonjwa akitikisa kichwa kukubali, basi ndiye huyo. Bibi alipokuwa na mimba ya mjomba, homa ilimlaza kwa majuma. Alitikisa kichwa lilipotajwa jina la Kalonda, ndugu wa babu aliyekufa kabla hajaoa. Homa ikaondoka. Mtoto akazaliwa mzima, akapewa jina hilo.

Namkumbuka kabla hajaugua. Alisukuma baiskeli yenye mabidoni, yaani madumu, ya mawese hadi mjini Kasongo, akarudi na chumvi na sabuni. Nilipomwomba anichukue, alinipima mkono kwa vidole viwili.

"Kasongo wananunua watoto wanene," alisema. "Kula kwanza."

Siku moja alirudi kwa miguu. Baiskeli ameiacha njiani, mawese ameyamwaga. Babu alimwuliza kulikoni.

"Walikuwa wanasema ndani ya bidoni," alijibu. "Wanataja jina yangu. Nikawafungulia watoke."

Nilidhani ni mzaha wake mwingine. Nikacheka, kisha nikaona kwamba nacheka peke yangu.

Miezi iliyofuata hakulala. Aliziba masikio kwa majani na kubishana na watu ambao hatukuwaona. Wazee wakakutana uani kwetu. Mjomba hawakumwuliza kitu. Walimwuliza Bibi, na aliyeuliza alikuwa kaka mkubwa wa babu.

"Shemeji, siku ile ulikubali jina gani?"

"Lile mulisikia wenyewe."

"Wewe ndiye ulitikisa kichwa. Kama aliyekuja ni mwingine, Kalonda tumemuita bure. Sasa iko na hasira."

"Nilikuwa na homa. Sikumbuke hata kama ilikuwa muchana ao usiku."

"Kichwa kilikuwa cha nani?"

Wazee wakamwosha mjomba kichwa kwa maji ya kijito, wakamwambia Kalonda arudi alikotoka, na mjomba wakamwita Amisi. Tukakatazwa kutamka jina la zamani. Atakayelitamka atakuwa amemwita marehemu aingie tena nyumbani.

Mjomba hakuliitikia jina jipya. Hakuwa mkaidi. Ukimwita Amisi, aligeuka kutazama nani anaitwa.

Kiangazi kilipofika, wanaume waliwasha moto mlimani ili kufukuza wanyama kwenye nyasi. Mchana huohuo mjomba alitoweka, na mwanamke aliyetoka shambani alisema amemwona akiingia katika nyasi hizo. Tulikimbia wote. Nyasi zilikuwa ndefu kupita vichwa vya watu wazima, na upepo ulikuwa unauleta moshi upande wetu. Wanaume waliita "Amisi! Amisi!" hadi sauti zikawakauka. Hakuna aliyejibu. Tulianza kusikia nyasi zikipasuka kwa moto.

Bibi alikuwa amesimama karibu nami, kiganja mdomoni. Akakiondoa.

"Kalonda!" aliita. "Kalonda, mwanangu!"

"Mama?"

Alitokea si mbali nasi, akitembea polepole, majivu mabegani.

"Mama, huyu Amisi iko bubu? Watu wanamuita tangu muchana."

Bibi alimshika mkono akamvuta hadi barabarani. Shemeji yake alikuwa anawangoja huko.

"Umemurudisha," alimwambia. "Sasa ni wako."

Tangu siku hiyo, kila mjomba alipozidiwa, watu walisema ni kwa sababu ya ule wito wa Bibi. Kwanza alikosea kutikisa kichwa, kisha akakosea kuita.

Mjomba bado yuko Wamaza, na ana mvi. Kasongo kuna dawa zinazomtuliza, zikifika. Mvua ikiharibu njia, pikipiki hazipiti, dawa zinamwishia na anaanza upya.

Mwaka jana nilimwuliza daktari mmoja habari za ile homa. Aliniambia mama akipata maambukizi wakati wa mimba, mwili wake unapopigana nayo, huenda ubongo wa mtoto unaojengwa ukaguswa, na hatari ya magonjwa ya akili baadaye ikaongezeka kidogo. Watoto wengi wa mimba za namna hiyo hukua salama, alisema, na wanaougua wana sababu nyingi. Kuhusu mjomba, hakuna awezaye kujua. Homa ile haikupimwa na mtu.

Niliona hiyo ni habari njema. Haikuwa na marehemu ndani yake, wala jina. Nilisafiri nikamweleza Bibi taratibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi ilianza na homa," alisema.

"Labda, Bibi."

"Ndani ya tumbo yangu."

"Labda."

"Kama ningekunywa dawa?"

"Sijui. Hata daktari hajui."

Alitikisa kichwa, akaendelea kuchambua mchele. Nilielewa nilichokuwa nimempelekea. Wazee walikuwa wamemtwisha lawama kwa njia yao, nami nilikuwa nimemletea njia nyingine ya kufika palepale.

Nilirudi baada ya mwezi kujaribu tena. Nilimwambia alikuwa mgonjwa, mwenye mimba, na watu wazima waliokuwa kando ya kitanda chake walimwuliza maswali badala ya kumtafutia dawa. Kama kuna deni, si lake.

Bibi alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgeni.

"Unasema vizuri, mujukuu wangu," alisema. "Lakini wewe haukumuzaa."