Benedicta na Bei ya Jumla

Benedicta wa Mwanza hajui kununua kimoja. Hapa Guangzhou hata soksi anabeba kwa dazeni. Rejareja kwake ni dhambi. Duka la dawa pale Huanshi tu ndilo lililomshinda: vidonge vyake vya presha lazima cheti cha daktari, tena vya mwezi mmoja, basi. Akambembeleza Shedrack, wakala wa mizigo anayejisifu hajawahi kuumwa, akajifanye mgonjwa wapate cheti cha pili.

Daktari alimpima Shedrack presha mara tatu, akaandika cheti bila hata kuombwa.

“Dada, hivi ni vyangu,” Shedrack alisema dukani, boksi kalikumbatia.

Benedicta akamgeukia muuzaji. “Haya, tumekuwa wagonjwa wawili. Bei ya jumla inaanzia wangapi?”