Spika Juu ya Dungu

Wiki ya kwanza baada ya kustaafu niliosha mapazia yote ya nyumba. Wiki ya pili nikayaosha tena. Miaka thelathini na kitu ya unesi hapa Kibiti ilinizoesha kuamka kabla ya adhana, kupiga pasi gauni jeupe na kutoka, na barua ya kustaafu niliyopewa mimi mwili haukupewa. Saa kumi na moja alfajiri macho makavu. Saa mbili nimeshafagia uwanja, nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, na siku bado mbichi.

Nilijaribu kila walichonishauri watu. Nilifuga kuku, nikawashikashika hadi wakawa wananikimbia. Nilisuka ukili, ukaenda kombo, mke wa jirani akauliza kama nasuka mkeka au nyoka. Mwishowe nikaanza kupita kituo cha afya, kusalimia tu. Siku ya tatu ya kusalimia, nesi kijana niliyemfundisha mwenyewe kuchoma sindano alinishika mkono kwa adabu.

"Mama, pumzika sasa. Kazi umefanya ya kutosha."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikaosha mapazia mara ya tatu.

Aliyenitoa huko ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minane, anayeishi Ruaruke. Hakunibembeleza, maana kubembeleza hajui.

"Wewe umekaa tu," aliniambia kwenye simu, "na mimi macho yameshaingia ukungu. Mpunga umetia maziwa, ndege kwelea wameshafika. Njoo tuamie. Mwaka huu tukishindwa, shamba la mama namwachia jirani."

Kuamia ni kulinda mpunga usiliwe na ndege, tangu jua linachomoza mpaka linazama. Sisi tulilelewa humo. Msimu ukifika, nyumba ya kijijini ilifungwa, tukahamia bondeni na vyungu, mikeka na kuku, tukaishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi. Nikifumba macho hadi leo nasikia harufu ya moshi na ya tope linalokauka. Mama alisimama ukingoni na kombeo lake, akivurumisha madonge ya udongo na kupiga ukelele uliofika mashamba matatu: "Haaa! Haaa! Nipooo!"

Hilo neno la mwisho halikuwa la ndege. Lilikuwa la majirani. Kila mwanamke aliumaliza ukelele wake hivyo, ili wenzake wajue kwamba yupo mzima. Akiita mtu "Upooo?" unaitikia. Usipoitikia, watu wanashuka kwenye madungu yao na kuja kukutazama, hata kama ndege watakula. Mara moja aliyenyamaza alikutwa na uchungu wa kuzaa. Mama alimzalisha hukohuko juu, mimi nikishika kibuyu cha maji. Nadhani unesi wangu ulianzia pale. Nampenda mama yangu kwa mambo mengi, lakini kwa hilo zaidi.

Basi nikaenda. Dada alikaa kwenye dungu la mama, mwisho wa shamba, mpakani na jirani. Mimi nikajengewa langu huku mwanzo. Siku mbili za mwanzo nilikuwa na furaha ya mtoto. Nilipiga kelele, nikarusha udongo, nikacheka peke yangu. Siku ya tatu koo likawa kama limepigwa msasa na mgongo ukaanza madai yake. Nikajiona mjanja. Nilikuwa na spika ndogo ya kusikilizia mawaidha, nikajirekodi kwenye simu ya akiba: "Haaa! Haaa! Nipooo!" Nikaitundika ile spika pembeni ya dungu, ikawa inapiga kelele yenyewe, inapumzika, inapiga tena. Mimi nikalala chali na chupa yangu ya chai.

Jioni dada alinisifu. "Leo umeamka, mdogo wangu. Sauti kama ya mama."

Nilitakiwa kumwambia palepale. Sikumwambia, kwa sababu alikuwa hajanisifu tangu nikiwa darasa la pili.

Siku iliyofuata, asubuhi, nesi kijana akapiga simu kuuliza ufunguo wa kabati la chanjo la zamani ulikuwa unawekwa wapi. Jibu lake ni maneno matatu: juu ya dirisha. Lakini mimi nilikata simu nikaita bodaboda, spika nikaiacha inapiga kelele. Swali la nusu dakika nikalijibu kwa safari ya nusu siku, moyo unanidunda kwa raha, naitwa, nahitajika! Nilipofika Kibiti walikuwa wameshauona. Wakanipa soda.

Nilirudi bondeni alasiri. Kwa mbali nilisikia sauti yangu inapiga kelele, na nilipokaribia niliona kwelea wametua chini ya spika, wanakula bila wasiwasi. Nikatazama dungu la dada. Hakuwapo juu. Nikakimbia.

Alikuwa amekaa chini, mguu ameunyoosha, kipago cha ngazi kimekatika kando yake. Kifundo kilikuwa kimevimba. Nilipiga magoti nikaanza kukipapasa.

"Tangu saa ngapi, dada?"

"Kabla ya adhuhuri. Nimekuita, ukasema upo. Nikaita tena, ukasema upo. Nikajua unakuja."

Kutoka mwisho ule mwingine wa shamba sauti yangu ikapaa: "Haaa! Haaa! Nipooo!"

Dada aligeuza uso kule. Kisha akaugeuza kwangu, akanisogelea na macho yake mabovu mpaka tukakaribia kugusana pua.

"Na yule nani?"

Nikamweleza. Spika, simu, ufunguo, soda, vyote. Hakunitukana, na heri angenitukana. Maisha yangu yote nimekwenda nilikoitwa, usiku, mvua, mfungo, kwa watu nisiowajua hata jina. Aliyeita siku ile alikuwa dada yangu, na mimi nilikuwa nakunywa soda.

"Jirani je?" nikamuuliza. "Si yuko hapo tu? Hakusikia?"

"Alikuja. Alitaka kunibeba anipeleke nyumbani. Nikamwambia aniache, mdogo wangu nesi, yupo, huyo anakuja."

Nilivua mtandio nikamfunga mguu. Haukuvunjika, ulikuwa umeteguka tu. Nilifunga, nikafungua, nikafunga upya, ili nisimtazame. Mwisho nikauliza kwa sauti ndogo.

"Shamba sasa utampa jirani?"

Dada alisonya.

"Mguu wenyewe nimemkatalia, shamba la mama ndiyo nimpe? Nenda kazime kile kidude, uje unipandishe juu."

Nilikatiza katikati ya mpunga huku nalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia, na kwelea wakaruka shamba zima.