Kichwa cha Kwanza Siku ya Thelathini

Nilikuwa katikati ya sentensi mlango ulipofunguliwa.

Jamaa nisiyemjua akaingia, akavuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya ukumbi. Akatoa mashine ya kunyolea mfukoni.

"Kaa," akaniambia.

Watu tisa waliokuja kunisikiliza nikiongea kuhusu pombe na dawa za kulevya wakageuka wote. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nimalize chuo. Nilikuwa na mabango, fulana ya kikundi chetu, na majibu ya kila kitu.

Mkono ulioshika mashine ulikuwa unacheza wenyewe.

"Umesema jamii isiwatenge walevi," akasema. "Haya. Jamii ni wewe. Kaa nikunyoe."

Ukumbi ukacheka.

"Wembe huyo," mama mmoja muuza mitumba akamnong'oneza jirani yake. "Leo kaanza mapema."

Basi ndivyo nilivyomjua Wembe. Zamani alikuwa kinyozi, maharusi walipanga foleni kwake. Ikaja chupa, ukaja huo mkono. Dada yake mkubwa, mwenye saluni, alimwondoa kitini siku alipomkata mteja sikio. Alimwambia atarudi akipata mteja mmoja tu wa kukaa kitini kwake kwa hiari.

Sikukaa. Niseme ukweli, niliogopa.

Ila mdomo wangu una mbio kuliko akili.

"Kaka, acha pombe leo leo. Ukimaliza siku thelathini, kichwa cha kwanza utakachonyoa ni changu. Na huo mkono utatulia, nakuhakikishia."

"Unaahidi, msomi?"

"Naahidi."

Makofi. Nilijiona mtu wa maana sana. Nikamwachia namba ya simu.

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa dada yake, analia.

Nilimkuta Wembe sakafuni. Mwili umekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Dada amepiga magoti, anamlaza ubavu. Mimi nimesimama mlangoni na fulana yangu imeandikwa TUNAWEZA.

Sikuweza chochote. Hata teksi aliita jirani.

Zahanati, muuguzi alitoka akiwa amekunja uso.

"Nani kamwambia aache ghafla?"

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mtu aliyekunywa miaka yote hiyo haachi kwa amri ya bango, mwanangu. Mwili unaweza kumuua. Analetwa hapa, anapewa dawa, anaangaliwa. Hamkufundishwa?"

"Hatukuuliza," nikasema.

Nililia chooni. Sioni aibu kuandika hivyo.

Aliporuhusiwa, tulianza kuhesabu upya, safari hii na dawa na muuguzi. Wembe akatundika kalenda ukutani kwake, kila siku anakata mstari mmoja. Mistari ilikwenda kama nyoka. Niliiona, sikuifikiria.

Nilikuwa nakwenda kwake kila mchana. Nifanye nini? Sijui. Nilikuwa nakaa tu.

Siku ya kumi na moja, marafiki zake wa baa walipita dirishani.

"Wembe! Umeolewa siku hizi? Mume wako anakufungia ndani?"

Wakacheka mpaka kona. Wembe alikuwa anatoka jasho shati limeloa.

"Msomi, nataka kuwafuata. Niambie kitu."

Nilipekua kichwa kizima. Miaka minne ya chuo, hakuna kitu.

"Tucheze drafti," nikasema.

Tukacheza. Kete zilimponyoka, naziokota. Zinamponyoka tena, naziokota. Saa tatu nzima.

Kesho yake mama muuza mitumba akaingia na furushi. "Nakunjia nguo zangu hapa. Kwangu kuna joto," akasema, bila kumwangalia mtu. Kwake hakukuwa na joto lolote. Alikuja kila siku tangu hapo, na vijana wa baa hawakuita tena dirishani, maana mdomo wa yule mama wanaujua.

Siku ya ishirini na tisa nikaitwa kwenye usaili. Kazi niliyokuwa naiota tangu chuo. Kesho, saa nne asubuhi.

Nilikwenda kumwambia Wembe nitachelewa kidogo, nitanyolewa jioni. Kabla sijafungua mdomo akanyoosha mkono mbele yangu.

Ulikuwa unacheza vilevile.

"Siku ishirini na tisa, hata tone," akasema. "Ulisema utatulia."

Nikageukia kalenda ukutani, ile mistari ya nyoka.

"Muuguzi aliniambia tangu wiki ya pili. Pombe imeshaharibu ndani, huenda usitulie tena maisha yangu yote. Nilinyamaza. Niliogopa utaghairi." Akaurudisha mkono pajani. "Ghairi, msomi. Sitakulaumu."

Kumbe mwenzangu alikuwa anavumilia kwa ajili ya ahadi ambayo nusu yake ilikuwa uongo. Uongo wangu.

Ile nusu nyingine ilikuwa bado mikononi mwangu, na kusubiri jioni kungeonekana kughairi.

Saa mbili asubuhi nilikuwa saluni, shati jeupe, suruali imenyooshwa. Nikakaa.

"Mdogo wangu, nguo hizo, una usaili leo?" dada yake akauliza.

"Nina."

"Na unakaa?"

"Kwa hiari yangu."

Mashine ikawaka. Mstari wa kwanza ukaenda kombo. Wa pili ukala nywele mpaka juu ya sikio. Kisha nikahisi moto, na tone jekundu likadondoka kwenye kola.

Wembe akazima mashine. "Inatosha. Mmeona wenyewe."

Dada yake akaweka fagio chini. Akaja nyuma ya kiti, akashika kiwiko cha ndugu yake kwa mikono miwili.

"Endelea," akamwambia.

Akaendelea.

Kwenye usaili watu watano walikitazama kichwa changu kama ramani ya nchi wasiyoijua. Mmoja akauliza nani kaninyoa. Nikamtaja, nikaelekeza na saluni. Sikuitwa tena.

Wewe unayesoma hapa, kama una mtu wako anakunywa au anatumia, usimwambie aache tu. Mpeleke kwa wanaojua. Usimwahidi usichoweza kukitoa. Halafu kaa naye. Sijui la zaidi, na ningekuwa nalo ningekuambia.

Nywele zangu zimeshaota. Jumamosi narudi kitini kwake.