Swichi Isiyo na Jina

Nakumbuka siku moja niliyoisikia kabla sijaiona. Ilianza kwa mbali, upande wa mtaa wa Kikula, kama mvua inayokuja juu ya mabati: watoto wakipiga kelele za furaha, nyumba hadi nyumba, mtaa hadi mtaa, "Kura! Kura inarudia!" Kura ndivyo wanavyouita umeme hapa kwetu Likasi, kwa Kifaransa kilichokatwa mkia. Kelele ile ikavuka barabara, ikavuka ukuta wa shule yetu ya ufundi, ikatufikia sisi wanne tuliokuwa tumekaa kando ya bomba tukila mahindi ya kuchoma. Nasi tukainua mikono, tukaitikia. Nilipiga makofi, mwanangu. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Nilipiga makofi, na nyuma ya migongo yetu, ndani ya karakana, mwenzetu wa tano alikuwa akilia, na furaha yetu ilituziba masikio.

Juzi uliniletea karatasi ya timu yenu ya roboti. Umechaguliwa kuwa kapita, kiongozi wa wenzako, na furaha yako ilionekana hata kwenye mwandiko, maana uliandika kwa wino wa rangi mbili. Nani ataandika programu, nani atakata vyuma, nani ataiendesha roboti mbele ya waamuzi kule Lubumbashi, nani atazungumza na wageni. Nikasoma jina baada ya jina, nikawa natabasamu. Kisha nikafika chini kabisa ya karatasi, pale ulipoandika: Betri, wote.

Uliniona nikiusoma mstari huo mara ya pili, ukaniuliza, "Mama, nimekosea kuandika?"

Hukukosea kuandika. Vuta kiti.

Nilikuwa na umri kama wako. Siku zile hatukuwa na kompyuta, wala neno roboti hatukulitumia, ila tulijenga kitu ambacho leo mngekiita hivyo. Kilikuwa mkanda wa mpira unaozungushwa na mota kuukuu tuliyopewa na kiwanda, na pembeni yake mkono wa chuma. Jiwe zito lenye shaba likipita, lilibonyeza kibati kidogo, na mkono ukalisukuma upande wake. Jiwe jepesi likaendelea na safari yake hadi kwenye ndoo ya takataka. Kikaonekana kama kinafikiri. Tulikiita Mutoto, kwa sababu kilihitaji kuangaliwa usiku na mchana na hakikutupa shukrani.

Tulikuwa watano. Mimi ndiye niliyekuwa kapita, kwa kuwa nilijua kusema na kwa kuwa baba yangu, mjukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, alinifundisha kwamba anayeandika orodha ndiye anayesikilizwa. Lakini mwenye mikono alikuwa Kalenga. Baba yake alikuwa mvuvi wa mto Lufira, na Kalenga alishika nyaya kama baba yake alivyoshika nyavu, bila kuangalia. Mwaka ule alikuwa na ahadi ya kupokewa kama mwanafunzi wa kazi kwenye kituo cha umeme cha Koni, iwapo tu angefaulu mtihani wa vitendo. Mama yake, aliyeuza samaki wakavu Kikula, alikwisha kuanza kumwita mbele ya wateja "mutoto yangu wa Koni". Nyumba nzima ilikuwa imeegemea ile mikono miwili.

Karakana yetu ililindwa na Papa Mwape, fundi umeme mstaafu. Alipotoka kazini kiwandani alikuja na desturi zake, na desturi yake kubwa ilikuwa hii: hakuna mtu anayetia mkono ndani ya mashine kabla hajaishusha swichi kubwa, yaani kuizima, na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Wakiwa watano ndani ya mashine, makufuli matano yananing'inia. Kila mmoja ana ufunguo wake mfukoni, na hakuna anayeruhusiwa kumfungulia mwenzake, hata bosi. Alituletea makufuli matano ya zamani, akayapaka grisi, akaandika jina la kila mmoja kwa rangi nyekundu.

Tulimshukuru, tukayatia sandukuni. La Kalenga nililitumia kufungia kabati tulimoweka chakula.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu wa mji huu. Sisi tulizaliwa ndani ya kukatika kwa umeme. Unakatika asubuhi, unakatika watu wakiwa kanisani, unakatika wali ukiwa nusu. Mtu wa kwetu, umeme ukishakatika, huiona kila mashine kuwa imekufa, na aliyekufa hafungiwi kufuli. Tulicheka tukasema kura inajikata yenyewe, kufuli la nini? Tukasahau kwamba unaokatika bila kuaga hurudi bila kubisha hodi.

Siku ya kugawana kazi niliandika ubaoni. Unawajua watu wetu, wanapenda vyeo: kila mmoja alitaka kuwa mkuu wa kitu. Mkuu wa michoro, mkuu wa vyuma; mkuu wa mota akawa Kalenga. Ikabaki kazi ya kusimama karibu na swichi, kuishusha na kuipandisha, na kuhakikisha kila aliyeingia ametoka. Nikamgeukia Banza, aliyekuwa mcheshi wetu.

"Banza, weye utachunga swichi."

"Minye?" Akajishika kifua. "Mutoto wa karani nisimame pa ukuta kama sentineli? Kapita, nipe basi na koti na tochi, na umbwa moja!"

Wakacheka wote. Nikamtazama wa pili, akaangalia dari. Wa tatu akasema kiatu kinambana. Kalenga akafungua mdomo, nadhani alitaka kusema "nitachunga minye," lakini yeye alikuwa na mota, na sikutaka kumwongezea mzigo. Na mimi, mwanangu? Mimi nilikuwa kapita. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kapita anaweza kusimama ukutani. Basi nikachukua chaki, na ili tusigombane nikaandika: Swichi, wote. Kila mmoja akaridhika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; mzigo wa wote basi hauna hata uzito wa usufi, maana hakuna bega linalouhisi.

Siku ile umeme ulikatika saa tisa mchana, Mutoto akiwa anafanya kazi. Mkanda ukalegea, ukatoka kwenye puli, lile gurudumu lake. Tukalalamika, tukaguna, tukatoka nje kwenye kivuli. Kila mmoja alipita mbele ya swichi, na kila mmoja aliiona imeelekea juu. Mimi niliiona. Nikafikiri, mmoja wetu ataishusha.

Kalenga alibaki. Hakujua kukaa bure. Alisema, "Endeni mukule, nirudishe huyu mukanda pa nafasi yake." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema akiwa na vidole kumi.

Mengine umeshayasikia. Kelele za Kikula, makofi yangu. Kisha Banza akasema, "Mutoto analia vibaya," maana mlio wa mota ulikuwa mzito, kama kitu kimeibana. Tukageuka. Sitakueleza nilichokiona mlangoni. Nitakwambia tu kwamba sisi wanne tulikimbilia swichi kwa pamoja, tukasukumana, na mikono minne ikagombania mpini mmoja ambao dakika chache kabla hakuna hata mkono mmoja uliokuwa na nafasi ya kuugusa.

Hospitalini mama yake alikuja na kitambaa cha sokoni kiunoni, akinuka samaki. Nilisubiri anipige, mwanangu, ningependa anipige. Alinitazama usoni, akaniuliza, "Mwanangu, umekula?" Kisha akaketi sakafuni, akatazama mlango wa chumba cha upasuaji mpaka ulipofunguliwa. Walimwachia mkono wa kulia wenye gumba na kidole kidogo. Vya katikati vilikwenda.

Kesho yake Papa Mwape alituita karakanani. Hakupaza sauti. Alisimama chini ya ubao, na maandishi yangu yalikuwa bado juu yake.

"Swichi ilikuwa ya nani?"

"Ya wote, Papa," Banza akajibu.

"Ya nani?"

"Ya wote," nikasema mimi.

"Vema. Ule muntu anaitwa Wote, mumulete hapa. Niko nataka kumuona." Akangoja, kama kweli mtu angeingia. "Haiko? Iko wapi? Iko na mama? Mama yake njo ule anakaa chini pale hospitali?" Banza akaanza kulia. Mzee akaendelea kwa sauti ileile ya chini. "Nilizeeka ndani ya kura ya kiwanda. Sikuona hata siku moja Wote anafunga kufuli. Wote haina mikono. Njo maana anakula mikono ya wengine."

Kisha akanigeukia. "Na weye, kapita. Kama bantu bote banakataa kusimama pa swichi, nani anasimama?"

Nikatazama mwandiko wangu ubaoni.

"Kazi yenye bantu banakataa, njo kazi ya kapita. Ile ingine, hata mutoto mudogo anaweza kuiandika pa ubao."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu hayakungoja kizazi cha tatu. Yalizaliwa siku ileile, yakiwa na meno.

Lakini mashine tuliionyesha. Hilo nalo ulijue. Wiki mbili baadaye shule ilikuwa na wageni, na hakuna aliyetaka kuwaambia kwamba hatuna cha kuonyesha. Mkanda alioufunga Kalenga ulikuwa umekaa sawasawa. Ulizunguka bila kuyumba. Mgeni mmoja mwenye miwani aliinama akautazama, akaniuliza nani aliyefunga kazi nzuri namna hii. Nilimjibu. Jibu langu nitakwambia mwishoni.

Koni hawakumpokea Kalenga. Mtihani wa vitendo unahitaji mkono wa kulia. Siku hizi anaosha mawe ya shaba kwenye machimbo ya Kamatanda, pamoja na vijana wanaomwita Papa Vidole bila ubaya wowote, na tukikutana ananisalimia kwa mkono wa kushoto. Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa matusi. Mimi huupokea mkono huo kwa mikono yangu yote miwili. Ile methali ya kidole kimoja hakivunji chawa, ambayo mmeiandika kwenye fulana za timu yenu, mimi siitamki mbele yake.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni fupi kuliko hadithi yangu. Betri zenu najua ni ndogo, zinatosha kiganjani. Ulinieleza mwenyewe kwamba zikitobolewa au zikisahaulika kwenye chaja huvimba na kuwaka moto. Katika karatasi yako futa neno wote popote lilipo, hata pale linapoonekana la upendo. Kila kazi iandikie jina la mtu aliyezaliwa na mama. Anza na kazi ya kuzima, kabla ya kazi ya kuwasha; anza na ya chini, ile isiyopigwa picha. Mwenye jina hilo apewe na amri: akisema simama, asimame hata anayeandika programu, hata wewe. Na kama wenzako wataangalia dari, kama mmoja atasema kiatu kinambana, usiwabembeleze na usigombane nao. Andika jina lako. Waache wao washike kompyuta. Wewe kaa na betri. Wakikuona pale kila siku, kuna siku mmoja wao ataona aibu, na aibu hiyo itakuwa mwanzo wa timu. Na sifa zikija, usizimwage juu ya wote kama maji ya kunawa. Jina lililobeba kazi ndilo libebe sifa.

Mungu akulinde mikono yako, na mikono ya wenzako aliyokukabidhi. Akupe macho ya kuhesabu waliotoka kabla ya kufurahia kilichorudi. Wakati wa shangwe akuachie sikio moja la kumsikia anayelia. Na jina lako, popote litakapoandikwa, likute umesimama chini yake.

Sasa lile jibu.

Jumatatu baada ya maonyesho Kalenga alikuja karakanani kuchukua vitu vyake. Bandeji ilimfika kwenye kiwiko. Nilikuwa peke yangu, nikifagia. Alitia rula kwapani, akavaa kofia, akatazama kabati la chakula lililofungwa kwa kufuli lenye jina lake. Umeme ulikuwa umekatika.

"Balisema mashine ilikuwa mzuri," akasema.

"Walisema."

"Baliuliza nani alifunga mukanda?"

"Waliuliza."

"Na weye, kapita, ulisema nani?"

Jina lake, mwanangu, lina silabi tatu tu. Mtoto anayejifunza kusema angeweza kulitamka.

"Nilisema sisi wote."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa. Akaenda mlangoni. Alipofika mbele ya swichi akasimama. Ilikuwa imeelekea juu tena. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaishusha, akaujaribu mpini mara mbili kuona kama umeshika. Kisha akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.