Mgongo wa Mkono

Mkaguzi wa umeme anayezungukia karakana za mtaa wa Magongo hagusi mashine kwa kiganja. Hata kipimo chake kikishaonyesha salama, huugeuza mkono akaigusa mashine kwa mgongo wa vidole, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ni mzee wa Jomvu Kuu, mpole wa sauti. Huingia na salamu ndefu, akamuulizia hali kila mtu, kisha hasemi neno mpaka amalize. Leo Kache, aliyeachiwa karakana na marehemu mumewe, alimfuata mpaka kwenye mashine ya kutoboa vyuma. Ndiyo iliyomuua mumewe mwaka jana. Mafundi walikuwa wameukata waya wa kijani unaopeleka ardhini umeme unaovuja, kwa kuwa mashine huzunguka hata bila huo. Sasa waya mpya umeungwa. Mzee akapima, akageuza mkono, akagusa.

"Mbona hutumii kiganja, baba?"

"Umeme hukifumba, mwanangu. Kikishashika hakiachi, hata mwenyewe atake vipi."

Kache akaketi palepale sakafuni. "Nilimpigia kelele aiachie. Akawa ananitazama tu, ameishikilia. Mwaka mzima najiuliza kwa nini hakunisikiliza."

Mzee aliviacha vifaa vyake, akachutama mbele yake.

"Alikusikia, mwanangu. Wallahi alikusikia. Mkono ndio uliokataa."

Kache akainuka, akaugeuza mkono wake, akaigusa mashine kwa mgongo wa vidole.